Mahema yamebanana Seronera, ukimya umehamia kwa wenye fedha

*Kila msimu wa juu kambi za umma za Serengeti hufurika, huku maeneo mapana ya hifadhi hiyo hiyo yakilala bila mgeni. Umati huu una sababu zake, na nyingi zimo mikononi mwetu.*

Saa kumi na moja jioni, mwezi Julai, jiko la kambi ya Pimbi pale Seronera halina pa kuweka mguu.

Ni jengo la umma: sakafu ya saruji, bati juu, na wavu wa chuma pembeni kuwazuia nyani. Wapishi wa kampuni mbalimbali wamebanana humo bega kwa bega. Kila mmoja ana kipande chake cha meza, na kipande hicho ni cha aliyewahi. Gari halijazimwa vizuri, mpishi kesharuka na mtungi wa gesi begani, kwa sababu akichelewa atapikia nje akipambana na upepo wa nyika. Supu ya boga inachemka kwenye sufuria nne za watu wanne. Bisi za chai ya jioni zinaruka. Mmoja anaazima kisu, mwingine anaisaka ndoo yake ya maji iliyochukuliwa kimakosa.

Nje, mahema yamesimikwa hema kwa hema, kamba ya hili ikipita juu ya kigingi cha lile. Anayekwenda msalani usiku humulika kila hatua asije akamwangukia jirani asiyemjua. Foleni ya bafu huanza kabla ya chakula, na wa mwisho kuoga hukuta tangi limekauka.

Kambi haina uzio. Usiku ukikolea, fisi hupita kati ya mahema wakinusa mabaki, na simba huunguruma upande wa mto. Mngurumo huo ndio uliomtoa mtu Mwanza au Munich akaja kulala chini kwenye godoro jembamba. Lakini kabla haujafifia husikika zipu zikifunguliwa, milango ya magari ikibamizwa, na watu wakiulizana kwa lugha tano sauti imetokea wapi.

Haya yanatokea ndani ya hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Unguja na Pemba kwa pamoja zingeingia humo mara tano na nafasi ikabaki. Inakuwaje basi watu walale wakigusana viwiko?

Njia moja, saa zile zile

Jibu jepesi ni kwamba wageni wamekuwa wengi, na ni kweli wamekuwa wengi. Mwaka 2020, korona ilipozifunga safari za dunia, Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa 620,867. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua filamu ya The Royal Tour, ambamo yeye mwenyewe aliitembeza dunia katika vivutio vyetu. Mwaka 2024 wageni walifika 2,141,895, zaidi ya mara tatu ya wale wa 2020.

Si wote hao waliofika Serengeti. Wengi huishia kwenye fukwe za Zanzibar. Lakini wanaokuja kuona wanyama, wengi wao hupitishwa kwenye njia ile ile: Arusha, Tarangire au Manyara, kreta ya Ngorongoro, lango la Naabi, Seronera, kisha kugeuza. Ukikaa Naabi asubuhi ya Agosti utadhani kila kampuni ya Arusha imenakili ratiba ya jirani yake.

Seronera inapendwa kwa haki. Mto wake haukauki kabisa, kwa hiyo simba na chui hukaa humo mwaka mzima, chui wakijilaza kwenye matawi ya migunga na miti ya soseji iliyo kandokando ya maji. Kuna uwanja wa ndege, karakana, barabara zinazopitika, na kambi za umma zimekusanyika hapo: Pimbi, Nyani, Dik Dik na nyinginezo. Mgeni mwenye siku mbili tu hataki kubahatisha, naye dereva wake hataki kulaumiwa.

Kuna sababu nyingine isiyozungumzwa sana nje ya ofisi za kampuni za utalii. Kibali cha kuingia Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu ulipopita langoni. Aliyeingia Naabi saa saba mchana wa Jumatatu anatakiwa awe ametoka saa saba mchana wa Jumanne, ama alipie siku nyingine. Katika msimu wa juu kiingilio cha mgeni wa nje ni dola 70 kabla ya kodi. Zidisha kwa watu sita ndani ya gari, ongeza ada ya kambi na ya gari lenyewe, utaelewa kwa nini dereva huiangalia saa yake kuliko anavyoangalia nyasi.

> Kibali cha saa 24 kinamfunga mgeni karibu na lango. Lobo, kaskazini, inabaki tupu kwa sababu saa haziruhusu.

Kutoka Naabi hadi Seronera ni kama kilomita 45. Kwenda Lobo, kaskazini, ni mwendo mrefu zaidi kwenye barabara ya vumbi, na mwendo wenyewe hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Lobo nako kuna kambi ya umma, chini ya vilima vya mawe, na kuna usiku mtu huweza kulala pale akiwa na majirani wachache sana. Lakini ratiba ya saa 24 haimfikishi huko na kumrudisha. Upande wa magharibi kuna Kirawira, karibu na Mto Grumeti, ambako ni rahisi kufika kwa lango la Ndabaka kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Msafiri aliyetoka Arusha hana haja ya kufika huko. Mkazi wa Mwanza anayo, na bado wengi hawajui kwamba hifadhi imeanzia karibu na mlango wao.

Kwa hiyo umati wa Seronera umetengenezwa, kidogo na wanyama, kidogo na barabara, na sehemu kubwa na saa na bei. Kilichotengenezwa kinaweza kutengenezwa upya.

Baridi ya Simba A

Jirani yake Ngorongoro ana hadithi inayofanana. Kambi ya umma ya Simba A imekaa kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ni uwanja wa majani wenye mti mmoja mkubwa, na ukitazama chini unaiona sakafu ya kreta, kama meta 600 bondeni, ikibadilika rangi jua likizama. Sijui mahali pengine pa kupiga hema nchini penye mandhari kama hayo.

Kinachofika hapo Julai na Agosti ni msululu wa mahema kutoka mwisho hadi mwisho wa uwanja. Baridi yake inakata mifupa, umande unalowanisha hema hadi ndani, na tembo huja kunywa kwenye tangi la maji wakiwa hawajali nani kalala wapi. Ifikapo saa kumi na moja alfajiri injini zinaanza kunguruma, kwa kuwa kila gari linataka kuwa la kwanza kushuka. Lango la kushuka hufunguliwa saa kumi na mbili. Gari moja hulipiwa dola 295 pamoja na kodi kwa kushuka kretani, na aliyelipa kiasi hicho hataki kupoteza dakika kumi.

Kwa hiyo watu waliolala pamoja huamka pamoja, hushuka pamoja kwa barabara ya Seneto, na kumzunguka faru mmoja pamoja, wote wakiwa na darubini, yeye akiwa mbali kama kokoto jeusi.

Ukimya una bei

Ukimya wenyewe haujaondoka Serengeti. Una anwani, na una bei.

Sheria za hifadhi zinatambua aina mbili za kambi. Ya umma ina jiko, vyoo, bafu na banda la kulia, na yeyote aliyelipa huruhusiwa kuweka hema. Kambi maalumu haina kitu: ni uwazi chini ya migunga, huna maji usiyoyabeba, huna choo usichokuja nacho. Lakini ukishaikodi ni yako peke yako. Ada yake kwa mgeni wa nje ni karibu mara mbili ya ile ya kambi ya umma, na juu yake kuna gharama ya gari la pili la kubeba maji, mahema makubwa, jenereta na watumishi.

Juu ya hizo zipo kambi za kifahari zinazohama na nyumbu. Desemba hadi Machi hukaa Ndutu, kusini, ambako nyumbu huzaa. Kuanzia Julai huhamia Kogatende, kaskazini, kuufuata Mto Mara. Wageni wake hufika kwa ndege ndogo, hulala kwenye vitanda vya mbao ndani ya mahema yenye bafu, na picha za matangazo yao zina hema moja, mti mmoja na machweo.

Sina ugomvi na mwenye uwezo wa kulipia hayo. Fedha zake zinalipa askari wa wanyamapori na zinakarabati barabara. Ninachopinga ni mpango unaofanya utulivu uwe bidhaa ya daraja la juu na msongamano uwe fungu la kila mwingine. Tembo tumeamua kuwa ni wa umma. Twiga ni wa umma. Usiku usio na kelele nao ni sehemu ya kile kilichohifadhiwa, na mwanafunzi wa chuo aliyechanga nauli na wenzake ana haki nao sawa na mwenye ndege.

> Kwenye kambi ya umma nafasi ni ya aliyewahi. Kwenye kambi maalumu ni ya aliyelipa. Hakuna mahali panapopangwa kwa kuangalia eneo linabeba watu wangapi.

Tena ukimya huu una historia inayostahili heshima. Utupu wa Serengeti ulipatikana watu walipoondoka. Wamaasai waliokuwa wakichunga humo walihamishiwa Ngorongoro mwaka 1959, eneo la uhifadhi la Ngorongoro lilipoanzishwa. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishwa tena kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali inasema ni wa hiari na ambao sehemu ya wakazi wameupinga hadharani. Ardhi iliyoachwa na watu kwa jina la wanyama haipaswi kugeuzwa uwanja wa maegesho.

Mtoni hakuna mwenye subira

Mahali umati unapouma zaidi ni Mto Mara. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka mfumo wa Serengeti na Maasai Mara ya Kenya kila mwaka, na vivuko vyao vya Julai hadi Oktoba ndivyo vinavyouza safari. Hakuna ajuaye watavuka saa ngapi. Kundi husogea ukingoni, husita, hurudi nyuma, husogea tena. Magari hukaa mbali kidogo yakisubiri. Wa kwanza akiingia majini, madereva wote hukanyaga mafuta kwa pamoja na kukimbilia ukingo.

Hapo ndipo madhara yanapotokea. Gari likisimama kwenye njia ya kushukia, nyumbu walioko nyuma hukosa pa kupita, huruka kwenye genge refu wakavunjika miguu, au hugeuza na kukatisha kivuko. Julai 2025 video zilizozagaa mitandaoni kutoka Kogatende zilionyesha wageni wameshuka kwenye magari na kusimama ukingoni, huku nyumbu wakihangaika kupata njia. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa, ndani na nje ya nchi, na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lililazimika kutoa kauli.

Lawama nyingi humwangukia dereva. Anastahili sehemu yake, maana kanuni anazijua. Lakini tumtazame alivyobanwa. Mgeni amekuja kwa kivuko, amelipa kwa kivuko, na tipu yake ya mwisho wa safari inategemea kivuko. Redio inamwita kila dakika ikimtajia wenzake wameona nini. Akibaki nyuma kwa adabu huku wengine kumi wamejipanga mbele, mgeni wake atamwuliza kwa nini. Adabu ya mtu mmoja haina nguvu mahali ambapo asiye na adabu haadhibiwi.

Na si nyumbu tu. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya utafiti wa duma wa Maasai Mara, upande wa pili wa mpaka. Katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kukuza wastani wa mtoto 0.2 katika kila uzao hadi kujitegemea. Kwenye maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Duma huwinda mchana, kwa macho, na huhitaji nafasi ya kunyemelea. Akizungukwa na magari hukosa mawindo au hunyang'anywa na fisi waliovutiwa na zogo. Watoto hufa njaa bila mgeni yeyote kujua kwamba alihusika.

Wasioonekana kwenye picha

Mjadala huu huwa na kasoro moja: anayelalamikia umati hujihesabu yeye na wageni wenzake tu.

Chukua Kilimanjaro. Anayepanda kwa njia ya Machame au Lemosho hulala kwenye mahema kila usiku, hadi kambi ya Barafu iliyoko meta 4,673. Kila mpandaji mmoja ana watu watatu au zaidi nyuma yake: wapagazi, mpishi, waongozaji. Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20. Wapandaji mia moja wakifika Barafu, kambini kuna watu mia nne au zaidi, juu ya jabali lisilo na tambarare ya kutosha hata kwa nusu yao.

Wapagazi hao hulala wapi? Wengi hujazana ndani ya hema la kulia chakula, baada ya wageni kuondoka mezani. Kwenye kambi za Serengeti, dereva na mpishi huweka vihema vyao vidogo kando ya gari, au hutandika mkeka kwenye banda usiku ukiwa mwingi. Wao ndio wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Kambi ikizidiwa, wanaobanwa zaidi ni hao, na hakuna fomu ya maoni ya mgeni inayowauliza.

Kwa hiyo mpango wowote wa kupunguza msongamano uanze kwa kuhesabu kila kichwa kinacholala kambini. Ukihesabu wageni peke yao utajenga vyoo vya nusu ya watu.

Mtanzania na hema lake

Kuna hoja nyingine nimeisikia mara nyingi, kwamba Mwafrika hatafuti upweke, kwamba sisi ni watu wa kundi na muziki, na utulivu ni mahitaji ya wageni. Siikubali.

Ni kweli familia ya Dar es Salaam ikienda Mikumi huenda na shangazi, watoto wa kaka na deli la vinywaji. Tangu treni ya umeme ianze kupeleka watu Morogoro mwaka 2024 safari za namna hiyo zimekuwa rahisi, na ni jambo jema. Lakini watu kumi wa familia moja wanaweza kukaa kimya mbele ya moto wakisikiliza usiku. Wafugaji, wavuvi wa ziwani, warina asali wa Tabora, wote hao wanajua kukaa na pori bila kuongea. Kinachokera ni spika ya kundi jirani, na inamkera bibi wa Kigoma kama inavyomkera mgeni wa Uholanzi.

Kiingilio cha Mtanzania Serengeti ni Sh10,000 kabla ya kodi, na bei hiyo ya chini ni uamuzi mzuri wa kitaifa. Haifai ikawa tiketi ya kuingia na kukosa pa kusimika hema. Mtanzania hufika kwa basi au kwa gari lake, mara nyingi Ijumaa jioni au wakati wa likizo za shule, na likizo ya Juni na Julai ndiyo hiyo hiyo wageni wa nje wanapojaa. Akifika saa moja kasoro, jiko limejaa, kivuli kimeisha, na maji yamekwisha.

Idadi au mapato

Serikali ina hesabu zake, na hazipuuziki. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliweka lengo la watalii milioni 5 ifikapo 2025. Utalii unaleta fedha za kigeni kuliko karibu sekta yoyote, na hifadhi chache za kaskazini ndizo zinazolisha nyingine ambazo mapato yake hayatoshi hata mafuta ya magari ya doria. Kupunguza watu Serengeti, wanasema wanaopinga, ni kumpunguzia posho askari wa Katavi.

Kampuni ndogo za Arusha nazo zina hofu yao. Wanaouza safari za mahema kwa bei nafuu wanaamini kwamba neno kikomo likitamkwa, wakubwa watapata nafasi na wao watafungiwa nje. Uzoefu unawapa sababu ya kuhofu.

Wapo wanaosema dawa ni bei. Kaunti ya Narok, Kenya, ilijaribu: mwaka 2024 ilipandisha kiingilio cha Maasai Mara kwa mgeni asiye mkazi hadi dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Mapato yalikuwa hoja halali, lakini kama lengo lilikuwa kutuliza mto, magari bado yaliujaza ukingo. Anayevuka bahari kuja kuona nyumbu hakatishwi tamaa na dola mia. Anayekatishwa ni kijana mwenye begi mgongoni.

Kinachofanya kazi ni idadi, ikitamkwa wazi na kusimamiwa. Ukanda wetu wenyewe una ushahidi. Kundi moja la sokwe wa milimani kule Bwindi, Uganda, hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja. Gombe, kwetu, wageni huenda kwa sokwe mtu kwa vikundi vidogo na kwa muda uliopimwa. Hakuna aliyesema vikomo hivyo vimeua utalii. Kwenye hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara, kama Mara Naboisho na Olare Motorogi, wenye ardhi wamekubaliana na wawekezaji kuwa idadi ya mahema ipimwe kwa ekari, na magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja. Udhaifu wa mpango huo ni bei yake: mwananchi wa kawaida hafiki.

Kwa kambi za umma, mfano ulio karibu zaidi na shida yetu uko mbali kijiografia. Yosemite, Marekani, hupokea takriban watu milioni 4 kwa mwaka. Nafasi za kambi zake za bondeni hukatwa mtandaoni mapema, na za kiangazi huisha dakika chache baada ya kufunguliwa, jambo linalowaumiza wasio na intaneti ya kasi. Lakini kwa wanaotaka kulala porini, mbali na barabara, Yosemite imeweka idadi ya watu kwa siku kwa kila njia ya kuanzia safari. Sehemu ya vibali hutolewa miezi kabla, sehemu huachwa hadi siku chache kabla ya safari, ili asiyepanga mwaka mzima naye apate. Kibali si ghali. Umati umegawanywa kwa ratiba badala ya mfuko.

> Sokwe wa Bwindi wana kikomo cha wageni wanane kwa kundi. Kambi zetu za umma hazina kikomo kinachoonekana.

Kusini kunakosubiri

Jawabu linalotajwa katika kila warsha ni kusini. Ruaha ina takriban kilomita za mraba 20,000, Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019 ni kubwa zaidi, na Katavi ina usiku ambao unaweza kusikia viboko bila kusikia gari hata moja. Anayetaka upweke leo hii, aende huko. Kando ya Mto Ruaha Mkuu pale Msembe mtu hupika chai asubuhi akiwaangalia twiga wakivuka mchanga wa mto.

Lakini kusini hakujengwi kwa maneno. Mradi wa REGROW, uliopewa mkopo wa dola milioni 150 na Benki ya Dunia ili kuinua utalii wa huko, ulisitishiwa fedha Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi wanaoizunguka Ruaha kuhusu kuondolewa na kunyanyaswa, na baadaye mwaka huo ukafutwa. Hilo ni fundisho gumu. Huwezi kupunguza msongamano wa wageni kaskazini kwa kuwaumiza wenyeji kusini.

Ndiyo maana naona kazi ya kwanza iko pale pale Serengeti, na haihitaji mkopo. Malipo ya hifadhi tayari hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo huo unaweza kumwonyesha mteja, kabla hajalipa, kwamba Pimbi imejaa tarehe 20 Julai na Lobo ina nafasi. Kila kambi ipewe idadi ya watu, wafanyakazi wakiwemo, kwa kupima vyoo vyake, maji yake na ardhi yake. Sehemu ya nafasi, hata theluthi moja, ibaki bila kuuzwa hadi wiki ya safari, kwa ajili ya wakazi na kampuni ndogo. Anayelala Lobo au Kirawira aongezewe saa kwenye kibali chake bila malipo, ili umbali usiwe adhabu. Na kaskazini kabisa, huko Kogatende, ambako asiye na fedha nyingi mara nyingi huendesha kutoka Seronera alfajiri na kurudi usiku ukiingia, iwepo kambi ya umma ya msimu: vyoo, tangi la maji, jiko lenye wavu, na askari wa zamu wa kusimamia magari mtoni. Ikikamilika kabla ya Julai, gari litakalokuwa Kogatende jioni halitakuwa na sababu ya kukimbizana na giza.